Kona Isiyotulia

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, nikuambie sauti iliyonikaa masikioni: chwap, kisha kimya, kisha chwap tena, kama mguu unaong'olewa topeni na mtu asiye na haraka.

Sasa salamu. Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Huku tunaendelea, mama anakula, ila kidogo.

Uliagiza jaruba lote la mpunga lipandwe kwa mashine, hata kona ile ambako trekta lilimpindukia baba msimu uliopita. Nilifuata. Tulifungulia maji, udongo ukavurugwa hadi ukalainika, tukausawazisha kwa ubao, kisha tukaacha tope litulie. Dereva wa mashine ya kupandikiza, yule tunayemwita Chapuchapu kwa utani, kwa jinsi alivyo mzito, alikuja kupima. Unachora mstari topeni kwa kidole: ukijifunga polepole, tope liko tayari, ukijifunga papo hapo, miche itazama. Kote palikuwa tayari isipokuwa pale kwenye kona. Alicheka, akasema huo ni uji wa bibi harusi, tumpe muda ajifunze.

Aliporudi kupima tena hakucheka. Aliniuliza nani amevuruga kona upya. Nikamwambia hakuna. Miche ilikuwa inarefuka kwenye trei, na ikizidi kimo mashine huivunja. Akaanza habari za wafu wasiotulia, nikamkatiza kwa ukali, mimi msomi wa nyumba. Lakini sauti ile niliisikia kila alfajiri kutoka upande huohuo, na nilikuwa nimeshaamini ni baba.

Juzi alfajiri nikaifuata. Kaka, ni mama. Alikuwa amezama hadi magotini, gauni amelifunga kiunoni, anapapasa tope kwa nyayo. Aliniambia, bila hata kushtuka, kwamba anatafuta buti la kushoto la baba, lile ambalo hatukulipata siku tulipomtoa. La kulia analo chini ya kitanda. Mashine ikishapanda, alisema, nani atamruhusu kukanyaga miche? Kumbe kila tope lilipotaka kutulia, yeye ndiye aliyeliamsha. Nilimsihi atoke. Akaniuliza, mwanangu, nikitoka hapa niende wapi?

Usilitafute jibu, kaka.

Najua utafoka. Nimeshapiga tuta kuitenga kona ile. Chapuchapu amepanda kwingine kote, safi kabisa, na trei zilizobaki nimempa jirani. Miche imo shambani kwake tayari, hairudi. Kona haina mche mwaka huu. Nami nimeshaingia humo na mama. Tumeanzia ukingoni, yeye kulia mimi kushoto, ili tusirudie palipokwisha kupapaswa.

Msalimie wifi, na ujitunze kifua.

Ni mimi, mdogo wako.