Oili ya Mwisho ya Baba Zawadi

Jumatatu, 6 Oktoba

Baba Zawadi,

Mwalo wa Katonga alfajiri. Ndoo kumi na mbili za dagaa, kapu moja la migebuka. Soko la Mwanga kabla ya saa mbili. Nikiwasubiri wapakuzi pale sokoni, ile taa nyekundu ya oili yenye umbo la birika ikawaka kwenye dashibodi. Nikikanyaga mafuta inazimika. Nikiachia inarudi. Ulizoea kusema birika likiwaka nizime injini, nami nakutania kwamba dereva gani anaendeshwa na birika. Leo sikucheka. Nilizima. Baadaye nikarudi nyumbani Katubuka polepole.

Nimeogopa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeipeleka pikapu kwa Bilali, fundi mwenzako. Bado yuko kwenye gereji yenu. Stuli yako ipo, haikaliwi na mtu. Aliniuliza oili ilibadilishwa lini. Nikasema mwezi uliopita.

Nimemdanganya. Kadi ya oili yenye mwandiko wako niliificha chini ya kiti kabla sijafika.

Akabadilisha swichi ya oili, ile inayowasha taa, maana mara nyingine injini ni nzima na taa ndiyo mwongo. Birika likazimika dakika tano, kisha likawaka tena.

Jumatano, 8 Oktoba

Sijaenda Katonga. Nimefua. Nyuma ya pipa nimekuta kipande cha sabuni yako ya mawese, kina alama nyeusi za vidole. Nimekirudisha palepale.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bilali alifungua swichi, akafunga geji ya kupima presha ya oili mahali pake. Injini ikiwa baridi, mshale ulipanda vizuri. Ilipopata moto ukashuka karibu na sifuri. Kwa hiyo taa haikuwa mwongo. Presha yenyewe haipo. Ama pampu imechoka, ama beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zimelika na oili inavujia kwenye nafasi zilizoachwa.

Akanipa ule mpini wako wa kafi iliyovunjika, uliokuwa unauegemeza kwenye injini na kuweka sikio. Hakuna gereji nyingine Mwanga inayosikiliza injini kwa kafi. Nikasikiliza. Ngo, ngo, ngo, chini kabisa.

Alisema krenki ikiwa imechimbika, injini hii ni chuma chakavu, atanitafutia nyingine iliyotumika. Injini uliyoiunda miezi miwili sebuleni kwetu, juu ya jamvi langu jipya, kwa sababu paa la gereji lilikuwa linavuja. Nilikugombeza kwa ajili ya jamvi lile. Ningekupa majamvi yote.

Akauliza tena kuhusu oili. Nikamrudishia mpini wa kafi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimekwenda na kadi mkononi.

Nikamwambia, "Shemeji, oili iliyomo ni ile aliyoitia yeye. Tangu msiba sijaibadilisha. Naongeza tu ikipungua."

Miezi saba. Sikutaka mtu mwingine aitoe. Hilo tu. Gari lako nimeliua mimi kwa kulipenda vibaya.

Bilali aliisoma kadi muda mrefu. Nilitegemea anigombeze. Akasema, "Hata mimi stuli yake sijaikalia." Halafu, akifuta mikono, "Lakini oili yake ilishaungua zamani, shemeji. Iliyobaki humu ni chai ya rangi. Na yeye ya rangi alikuwa hanywi."

Kweli. Bila maziwa ulikuwa unanuna mpaka mchana. Tukacheka. Nikalia kidogo.

Akaniachia spana. Nati ya sampo, lile karai la oili chini ya injini, nimeifungua mwenyewe. Oili ikatoka nyeusi, nyepesi kama maji, inametameta vumbi la chuma. Nilisimama mpaka tone la mwisho.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sampo imeshushwa. Pampu ni nzima. Beringi, vile vyuma vyembamba vinavyoikumbatia krenki, vimelika mpaka shaba nyekundu imejitokeza. Bilali akaifuta krenki kwa kitambaa, akaniambia nipitishe ukucha juu yake. Ukikwama, basi.

Nikapitisha. Ukucha ukateleza. Nikarudia. Ukateleza. Sehemu zote nne, laini kama ulivyoziacha.

Bilali akasema beringi mpya tu zinatosha. Akageuka upande, akajifanya anatafuta nati.

Jumatano, 15 Oktoba

Beringi mpya zimefungwa. Oili nimeitia mwenyewe. Injini imewaka, birika likazimika, na hata ilipopata moto halikurudi. Nikaweka sikio kwenye mpini wa kafi. Hakuna anayegonga.

Kadi nimeirudisha mahali pake. Chini ya tarehe yako nimeandika ya leo. Mwandiko wangu mbaya, lakini unasomeka. Bilali nimemkuta amekaa kwenye stuli. Alitaka kuinuka, nikamwambia akae.

Kesho alfajiri naenda Katonga. Kile kilima cha kurudi nitakipanda kwa gia ya pili, ulivyonifundisha. Nawe unikumbuke huko uliko, Baba Zawadi.