Majina Mengine Unayojulikana Nayo

Kwa kaka yangu,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitufundisha kwamba salamu hanyimwi hata adui. Natumaini wifi na watoto ni wazima, na kwamba goti lako limepona. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unaolalamika, na mtu aliyesimama miaka tisa akipiga pasi mashuka ya hospitali ategemee nini kingine?

Barua yako niliipata. Umenipongeza kwa kumaliza ule mpango wa miaka mitano, ambamo kila mwezi msimamizi alikata mshahara wangu na kuwagawia walionikopesha kabla mimi sijaugusa. Halafu, wino wa pongezi haujakauka, ukanihimiza niende upesi ofisi ya kumbukumbu za mikopo nikasafishe faili langu, ili nikudhamini ununue gari la mizigo. Nilicheka peke yangu. Pongezi zako huwa na mkia.

Basi nilikwenda. Wewe ndiye uliyenituma, kaka, ulikumbuke hilo mpaka mwisho wa barua hii.

Nilidhani ukishalipa umemaliza. Kumbe! Karani, mama mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinifungulia faili, na mikopo yote mitatu bado imeandikwa haijalipwa. Nilimpandishia sauti. Nikamwambia nimevaa viatu hivi hivi miaka mitano, sasa wanataka na soli? Hakutikisika. Alisema hati ya kumaliza mpango haina miguu. Niipeleke mwenyewe kwa kila aliyenikopesha, akithibitisha ndipo yeye abadilishe neno. Na hata hivyo habari za mpango zitabaki humo mwaka mmoja zaidi. Nilimuuliza kama kuna kifungo kingine nimalizie hapo hapo. Akanivutia kiti.

Wawili walithibitisha bila taabu. Wa tatu, wale wa mkopo mkubwa ulionizamisha, walikataa, wakadai maelezo ya hati yangu hayalingani na ya fomu yao ya kuombea mkopo. Unaujua mkopo huo. Ndio niliolia kwamba sikuuomba, nawe ukaja, ukakaa kwenye kochi langu, ukasema aliyeiga sahihi yangu hawezi kuwa mwingine ila mume wangu, fundi saa, mtu wa vidole vyepesi. Fomu sikutaka hata kuiona. Ya nini, na jibu ulikwisha nipa? Nilimtupia nguo zake nje mchana kweupe, majirani wakitazama. Aliapa, nikamwambia mwongo haishiwi viapo. Aliokota kisanduku chake cha vifaa akaondoka.

Sasa karani aliagiza nakala ya fomu hiyo. Alinisomea mstari kwa mstari, nami nikawa naitikia: jina, sawa, tarehe ya kuzaliwa, sawa, kazi, sawa. Akafika penye majina mengine unayojulikana nayo. Akasoma: Chiriku. Alitabasamu, akataka kujua kama kweli napiga domo kiasi hicho.

Nani duniani ananiita Chiriku? Ulinipa wewe jina hilo nikiwa na miaka minne, kwa sababu nilikuchongea kwa baba ulipovunja redio. Mama hakulitumia. Mume wangu hajawahi kulisikia, nililichukia, nikamficha. Fomu iliuliza, nawe kwa mazoea ukajaza. Mara moja tu maishani mwako umeandika ukweli, na ndio uliokuumbua.

Nami nina la kuungama. Karani aliniambia mwenye faili anaruhusiwa kuweka humo maelezo yake mafupi. Nimeweka. Nimeandika kwamba sahihi ile si yangu, nikataja ni ya nani, jina lako kamili na kazi yako. Atakayefungua faili langu ili nikudhamini atakusoma wewe kwanza. Nakala nimepeleka polisi, pamoja na fomu.

Nilikwenda pia kwa fundi saa. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha. Hakuinua macho kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza. Alisema amesikia, akaniomba nisimzibie mwanga. Wizi ni wako, kaka, lakini kukuamini wewe na kumkana yeye ni kwangu, na deni hilo halina msimamizi wala miaka mitano. Nimelia sana.

Nisalimie wifi, hana kosa. Waambie watoto shangazi yao anawapenda. Gari tafuta mdhamini mwingine. Na siku utakapoitwa kituoni watakupa fomu, nayo ina mstari wa majina mengine unayojulikana nayo. Usiuache wazi.

Ni mimi, mdogo wako aliyekuchongea tena,

Chiriku