Cheti Kimetoka, Mama Mdogo, na Wewe Hupo

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na mbele ya wote watakaoisoma barua hii, napenda kutangaza kwamba yule kuku wako kishingo amehamia rasmi kwenye boksi la midoli. Hakuomba ruhusa kwa mtendaji, hakukaguliwa na bwana afya, na hana cheti chochote. Ameingia tu, akajitandikia, akaanza kutaga. Watoto wamempisha. Mimi nilijaribu kumtoa akanidonoa mkono, na mkono wenyewe ndio huu unaokuandikia, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya lawama ziende kwake.

Habari nyingine ni ndogo tu: kibali kimetoka. Nyumba yetu ya hapa Shelui sasa ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kinachotambuliwa na serikali. Cheti nimekitundika sebuleni, juu ya ndoo ya maji ya kunywa, na akina mama wa kule yanakoegeshwa malori wanakuja kukitazama kama picha ya harusi. Wananipongeza. Nacheka nao, kisha naenda jikoni kusimama.

Ulipokuja ulisema umekuja kunisalimia tu, wiki moja, kwa sababu ya goti langu. Ukakuta watoto wa wauza vitunguu wanacheza uani kwangu, maana mama zao hawawezi kukimbilia magari na mtoto mgongoni. Hukuuliza ni wa nani. Ulikunjua mkeka, ukanyoosha miguu, mmoja akakulalia pajani, na wiki ile haikuisha mpaka mwaka huu.

Unamkumbuka Tumaini alivyokuja, huyu wa mama anayewauzia madereva chai? Halali, hali, analia mpaka sauti inakauka. Ukamfunga mgongoni kwa kanga, ukaenda naye kuchambua mlenda, unaongea naye Kinyiramba kama mtu mzima mwenzako, unamsimulia mbuzi waliopotea zamani huko kwenu Nduguti. Nikakuambia mama yake huyo ni Mgogo, mtoto haelewi kitu. Ukanijibu, "Kwani wewe ulikuwa unaelewa?"

Kwa sababu na mimi ndivyo ulivyonilea, mama alipokuwa mgonjwa. Mgongo huo naujua. Una joto, una harufu ya moshi na ugoro, na mtoto akiulalia anaisikia sauti yako kabla haijafika mdomoni.

Halafu zikaja habari za kibali. Wewe uliziita safari zangu za kuposa, maana kila ofisi niliyobisha hodi ilinituma kwa wajomba wengine. Barua ya mtendaji, uzio, maji ya kunawa, kisanduku cha huduma ya kwanza, na mafunzo ya malezi, ambayo mimi, mama mzima mwenye mvi, niliyahudhuria nikiwa nimebanwa kwenye kiti cha chekechea. Na choo cha watoto. Fundi aliambiwa kiwe cha kimo chao, akaweka na mlango wa kimo chao. Bwana afya alipokuja aliinama, akachungulia, akaniomba nitangulie mimi mwenye nyumba. Niliingia kwa magoti, nikashindwa kutoka. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi. Kisha ukanivuta miguu, huku unamwambia bwana afya aandike kwamba choo ni imara, kimejaribiwa.

Tangu uondoke nawaambia watu umekwenda kuvuna alizeti. Sasa wameanza kuniuliza ni alizeti gani hiyo isiyokwisha. Tumaini hata haulizi. Anaichukua kanga yako uliyoisahau kwenye kamba, anaikumbatia, analala amekaa, uso umeelekea mlangoni.

Naandika barua ya wazi kwa sababu najua hutaisoma mwenyewe. Utasomewa, nyumba nzima itasikia, na wewe ninavyokujua utaagiza pale penye aibu parudiwe. Naomba parudiwe. Nafasi yako hapa ipo, na haihitaji darasa. Ukitaka kurudi, sema siku, nitakuja kukuchukua mwenyewe. Usipotaka, nitakuja hivyo hivyo kukuamkia, na kuku wako nitamleta, akikubali. Ila usiamue kabla hujajua ilivyokuwa.

Nilikuambia serikali imekataza wazee wasiosoma kukaa na watoto, na kwamba wakikukuta watatunyima kibali. Hakuna aliyesema hivyo. Hata kuuliza sikuuliza. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo, nimeonyeshwa picha za vituo vya mjini, walezi wamevaa sare na viatu vyeupe. Nikarudi nikakukuta uani, miguu pekupeku, ugoro puani, mtoto wa watu mgongoni. Sikuiogopa serikali, mama mdogo. Nilikuonea haya wewe.

Ulifunga mzigo wako. Uliuliza jambo moja tu: "Hata kuwaaga, siwaagi?" Nikasema watalia. Nikaita bodaboda akupeleke stendi. Mgeni wa siku moja tu tunamsindikiza mpaka barabarani, tumembebea mzigo, tukisimama kila hatua kumalizia mazungumzo. Wewe nilikufikisha mlangoni, nikasingizia goti. Goti siku hiyo lilikuwa zima.

Kesho yake akaja afisa ustawi wa jamii. Binti mpole, aliniamkia vizuri, akakagua uzio, akakagua maji, choo akakitazama kwa mbali, akaridhika. Ulipofika muda wa kulala, Tumaini akaukataa mkeka. Akaenda kushika mlango wa uzio, akawa anamwita bibi. Hakulia, aliita tu, kama mtu anayejua ataitikiwa. Binti akaniuliza bibi huyo ni nani.

"Ni jirani," nikasema. "Huwa anapita tu."

Akasikitika. Akasema kituo chenye mzee anayependwa hivyo, wao humwandika kuwa msaidizi wa mlezi. Akapimwe afya, basi, wala hakuna atakayemuuliza amesoma wapi. Akanitazama, akiningoja niseme neno. Lilikuwa moja tu la kusema, na hata Tumaini alikuwa akilisema pale mlangoni.

Nikamkaribisha chai.

Kaa salama, mama mdogo, mpaka nifike.

Ni mimi,
mwanao wa mgongoni