Kilo Kumi na Tisa za Risasi

Kondele, Kisumu
Jumanne, 12 Machi 1996

Kwa kaka yangu mpendwa Dalmas,

Kabla ya yote, geuza bahasha uiangalie vizuri. Nimeibandika gundi mara mbili. Ukikuta imeguswa, mwulize Agneta, maana ndiye anayekuletea akirudi huko Asembo kununua dagaa wake wa omena, na mimi Agneta simwamini hata kwa kijiko cha chumvi.

Sasa nikusalimu. Hujambo, omera, ndugu yangu? Wifi Anyango hajambo, mgongo umepoa? Watoto wanaendelea na shule? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, lakini moyo haujatulia tangu wiki jana. Soma hadi mwisho, tafadhali, usinikasirikie njiani.

Nilikuambia Krismasi kwamba kiwandani kwetu, hapa tunapounga redio, kumeingia sheria mpya. Imetoka ng'ambo kwa hao wanaozinunua: hawachukui tena mzigo wa kiwanda kinachomwaga uchafu kwenye maji. Kazi yangu unaijua. Nasimama mbele ya chungu cha risasi iliyoyeyuka, ile ya kuunganishia nyaya, na kila saa nauengua utando unaoelea juu, kama wifi anavyoengua povu la maharagwe. Zamani utando huo tuliutupa nyuma ya ua, mvua ikausomba hadi mtaroni, na mtaro ukaupeleka ziwani. Nani aliuliza? Siku hizi unapimwa kwenye mizani, unafungiwa ndani ya pipa la chuma, na pipa linapelekwa Nairobi.

Tena tuliletewa bwana mmoja wa vichupa, anachota maji ya mtaro huku akitabasamu. Mtu anayetabasamia maji machafu mimi namtilia shaka. Wengine walisema ni mpelelezi wa kodi, wengine wakasema anatafuta sababu ya kufunga kiwanda. Yeye alisema tu kwamba risasi ikifika ziwani itaingia kwenye samaki, na kutoka kwa samaki itaingia kwetu.

Basi wiki jana msimamizi wetu, Zadock, alitukusanya akatangaza kwamba tangu Januari kilo kumi na tisa za ule utando zimetoweka. Alisema zisipopatikana, redio za mwezi huu hazitapokelewa, na mwizi atakabidhiwa polisi Ijumaa hii. Ai, Dalmas, ungeyaona macho ya watu! Kila mmoja alikuwa akimpima mwenzake. Mimi nilimtazama Zadock mwenyewe, maana ndiye mwenye ufunguo na juzijuzi ameezeka nyumba kwa mabati mapya. Halafu nikamtazama Enos wa getini, ambaye hucheka kabla hujamaliza kusema.

Mwisho macho yote yalimwangukia Nakhungu. Huyu ni mfagiaji wetu, Mbukusu wa Bungoma, hana ndugu hapa mjini, na ndiye anayesukuma lile pipa hadi stoo. Wakasema mtu wa kuja hana uchungu na kazi ya watu. Amesimamishwa hadi hiyo Ijumaa. Ana watoto wanne, na mkewe Nekoye ana mimba ya miezi minane. Kila asubuhi anakuja vilevile, anaketi nje ya geti na kofia yake mapajani.

Zadock alituita mmoja mmoja. Nilipoingia aliniuliza kama nimeona lolote. Nikamwambia nilimwona Nakhungu akitoka na gunia. Gunia nililiona kweli, siongopi. Lilikuwa na majani ya kunde aliyoyapanda nyuma ya ua, nami nilijua hivyo kwa sababu alinigawia, nikayapika.

Dalmas, keti chini sasa. Yale makopo ya mafuta ya Kimbo niliyokuwa nakutumia, ukayeyusha utando uliomo ukapata vipande vya kuushikisha wavu wako chini, nilikuambia ni takataka zilizotupwa. Mwaka jana ilikuwa kweli. Tangu Januari nimekuwa naiba, kopo baada ya kopo, chini ya sukuma wiki kwenye kikapu, kwa kuwa ulinisifu mbele ya wavuvi wote wa huko na mimi sifa zinanilevya. Hizo kilo kumi na tisa zinaning'inia kwenye wavu wako. Sheria imeletwa risasi isiingie ziwani, na sisi wawili tunaishusha humo kila siku kwa mikono yetu.

Nilikuwa nimepanga kuzirudisha kimyakimya, maana nilidhani hakuna ajuaye. Lakini Februari Nakhungu alinibebea kikapu hadi steji ya matatu. Alipokiinua aliguna, akauliza ni sukuma wiki gani hii. Nikacheka, nikamwambia ni zawadi ya kaka yangu mvuvi. Sasa, Zadock alipomwuliza mbele yetu sote kama amewahi kuona mtu akitoka na kitu kizito, alinitazama, halafu akasema hajaona mtu. Tangu hapo nimemshuku kila namna. Nimengoja aje kunitisha, au anitake kitu. Hajaja, na naona haya kupita pale getini.

Kwa hiyo nakuomba, mwana wa mama, kata vipande vyote kwenye wavu, hata kimoja kisibaki, umpe Agneta kwenye gunia nivipate Alhamisi. Najua bila hivyo wavu utaelea tu, na wiki hii hamtakula vizuri. Nisamehe. Ile sufuria uliyoyeyushia msiipikie uji tena kamwe. Yule bwana alisema moshi wa risasi hukaa kwenye damu ya watoto, nami sikukuambia. Ijumaa saa mbili nitaliweka gunia mezani kwa Zadock na kusema ni mimi. Wakinipeleka polisi, usimwambie mama mpaka uje kuniona.

Nisalimie wifi na watoto, na mama umshike mkono kwa niaba yangu. Nakhungu naye anakusalimu. Jana nilipopita pale anapoketi, aliniuliza kama wavu wa kaka yangu unashika chini vizuri siku hizi. Nikamjibu kwamba unashika. Akasema Mungu ashukuriwe.

Ni mimi dada yako,
Seline Awuor