Mtutu Mpya wa Mjomba Kanisius

Jumamosi, Juni. Mbinga. Ukungu mpaka saa nne, na baridi ya kuvaa koti juu ya koti.

Kwa heshima na taadhima, napenda kuwatangazia wananchi wote, walioko nyumbani na walioko mbali, kwamba leo nimepiga viatu rangi katika siku ambayo si Jumapili, haina harusi na haina msiba. Mke wangu aliniuliza mara mbili nani amekufa.

Hajafa mtu. Leo bunduki ya Mjomba Kanisius ilikuwa inakaguliwa.

Mjomba ni askari wa wanyamapori mstaafu, anaishi njia ya kwenda Litembo, na ana leseni ya bunduki moja ya bolti, ya kukoki kwa mkono kila risasi, masalia ya jeshi la enzi za mkoloni. Ndiyo bunduki pekee ya halali katika vitongoji vitatu, na nguruwe pori wanalijua hilo kuliko sisi. Mahindi yakianza kukauka shambani, kama sasa, wanashuka na familia zao. Lakini mtutu wake ulikuwa umelika ndani. Risasi ilikuwa inavuta kulia, kama baiskeli iliyopinda uma, na kila mwaka ilivuta zaidi. Mwishowe polisi wakamwambia: Mzee, badilisha mtutu, la sivyo silaha itakaa stoo kwetu.

Mtutu ulipatikana kwa karatasi nyingi na mihuri mingi. Aliyeruhusiwa kuufunga ni Fundi Saidi wa Songea, ambaye kibali chake kimetundikwa ukutani kwenye fremu, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Chuma akakifunga. Kwenye mbao akakwama. Mtutu mpya ulikuwa mnene kuliko wa zamani, haukulala kwenye mfereji wake, na mbao yenyewe ilikuwa na ufa.

"Mimi mtu wa chuma," akamwambia Mjomba. "Nitafutie seremala, tena asiwe na haraka."

Mjomba akanipigia simu. Sijui kama ni kwa sababu ya ustadi wangu au kwa sababu mpwa hakatai.

Nikiri hapa, maana ukurasa huu ni wangu: nilikuwa sijawahi kugusa bunduki. Mimi ni fundi wa vitanda, makabati na majeneza. Kwenye majeneza nina jina zuri, hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Chuo sikupita. Nilijifunza kwa kukaa karibu na watu wanaojua, nikijifanya namsubiri mtu.

Ujanja wa masizi, kwa mfano, niliuiba kwa macho kule Mbamba Bay, kwa mafundi wa boti. Unapaka masizi kwenye kile kinachoingia, unakilaza mahali pake, unakiinua. Palipochafuka ndipo panapogusa. Unakwangua hapo tu, taratibu, kama anayekwangua ukoko kwenye sufuria ya kuazima. Kisha unarudia. Siku tatu nilikaa karakanani kwa Fundi Saidi nikirudia, yeye akiwa amesimama mgongoni kwangu, maana silaha ya watu haiachwi na mgeni. Alitaka kipande cha karatasi kipite kati ya mbao na mtutu kuanzia mbele mpaka alipoweka alama, bila kukwama. Mbao ikiukandamiza mtutu, alisema, risasi zitatawanyika kama kuku waliomwona mwewe.

Siku ya tatu, saa nane mchana, karatasi ikapita.

Ufa niliuziba kwa kipande cha mguu wa kiti cha zamani nilichokipata Kigonsera, mti ambao hauoti kwetu, lakini nyuzi zake zinafanana na zile za bunduki kama mapacha. Rangi ni kahawa yetu wenyewe, nimeichemsha mpaka ikawa nzito. Nilipomaliza nikamwambia Fundi Saidi anionyeshe kiraka kiko wapi. Akatafuta. Akavaa miwani, akatafuta tena.

"We bwana," akasema, "ni mwizi."

Najivunia. Nimeshaandika, na sifuti.

Basi leo tukakutana kwenye mteremko wa ngoro, mashimo yetu ya kulimia, zilizopumzishwa, nyuma ya shamba la Mjomba. Afande aliyekuja kutoka wilayani ni binti mdogo, mkimya, wa kuangalia kitu mara mbili. Ubao wa shabaha ukasimamishwa chini ya ukingo wa udongo, sisi na majirani waliokuja kutazama tukarudishwa nyuma.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umevaa viatu vya nani?"

Alikuwa na wasiwasi. Mjomba akiwa na wasiwasi hutafuta mtu wa kumchokoza.

Akalala juu ya gunia, akapiga tatu. Afande akaenda kuangalia, tukamfuata. Matundu yote matatu yalikuwa kushoto, mbali na duara kwa kiganja kizima.

Alto, jirani yake Mjomba, ndiye aliyeanza. Wiki jana nguruwe wamemlia robo ya shamba, kwa hiyo uchungu anao kihalali.

"Ni mbao!" akasema. "Nilisema mimi. Umempa bunduki fundi majeneza, sasa itazika nini? Upepo?"

Watu wakacheka. Afande hakucheka. "Mzee, ikiwa hivi, leo naondoka nayo."

Nilimwona Mjomba anaitazama ile bunduki kama mtu anayeaga.

Nikautazama tena ule ubao. Matundu matatu, na ungeweza kuyafunika yote kwa mfuniko wa chupa ya chai. Mbao mbaya hutawanya. Hii haikutawanya chochote. Bunduki ilikuwa inapiga mahali pale pale ilipoelekezwa, kwa utii kabisa. Ndipo nikaelewa. Miaka yote ile ya mtutu mbovu uliovuta kulia, Mjomba alikuwa analenga kushoto kidogo ili apate katikati. Leo mtutu umenyooka, lakini Mjomba bado anaulengea ule wa zamani.

Nilijua. Tatizo ni namna ya kusema. Huyu ni mjomba wangu, ndiye aliyenipelekea posa. Siwezi kusimama mbele ya Alto na kumwambia kwamba hajui kulenga.

Nikasema, "Afande, kama kosa ni la mbao, basi ni langu. Naomba upige wewe, nijue nikarekebishe wapi."

Akanitazama. Akamtazama Mjomba. Mjomba akaitika kwa kichwa.

Afande akalala, akapiga moja tu. Katikati ya duara.

Alto akapata kitu cha kukitoa kwenye kiatu chake. Mjomba aliusogelea ule ubao, akaweka kidole kwenye tundu la afande, akakipeleka polepole mpaka kwenye matatu ya kwake. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Miaka yote namshika mkono mgonjwa," akasema. "Leo kapona, mimi ndiye nachechemea."

Akarudi kwenye gunia. Alichukua muda mrefu sana kulenga, nadhani alikuwa anagombana na bega lake mwenyewe. Akapiga mbili. Zote ndani. Alto akapiga makofi kuliko wote, akatangaza kwamba mtutu mpya ni mtutu mpya bwana, mzungu hana mchezo. Mimi nikasimama na viatu vyangu.

Kisha afande akaikagua bunduki. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mbao nzima, akapita juu ya kiraka changu, akaendelea. Akafungua kitabu cha leseni cha Mjomba juu ya mapaja, akaandika polepole, akapiga mhuri. Leseni imebaki, bunduki imebaki. Mimi husoma maandishi yaliyopinduka bila shida, ni faida ya kusimama miaka mingi upande usio na kiti wa meza za watu. Nikanyoosha shingo nione kazi yangu imeandikwaje.

Mtutu: mpya. Mbao: ya zamani, haijaguswa.