Anayepita Haombi Kiti

Makongeni, 2 Agosti 2023

Mwanangu Lorraine,

Sisi wazima, goti langu tu ndilo halijaokoka. Je, huko Istanbul umeshapata unga wa ugali, au bado unashindia mkate?

Harusi ya dada yako Kate iko hatarini. Meza kuu imebaki na nafasi moja. Baba yako mkubwa Ooko anaitaka. Shangazi wa bwana harusi, aitwaye Wangu, anaitaka pia. Ooko amesema, "Nikiwekwa nyuma siji, na watu wangu hawaji." Wangu amesema hivyo hivyo, kwa Kikuyu. Wewe unatunza vitabu vya sherehe za masultani. Wao waliwakalisha watu vipi?

Baba yako

Istanbul, 6 Agosti 2023

Baba,

Pole kwa goti. Unga nimepata, ila ni wa njano.

Kitabu kilicho mezani kwangu kina picha za sherehe ya mwana wa sultani. Kila ukurasa uwanja ni ule ule, na sultani yuko dirishani. Wanaobadilika ni wanaopita mbele yake: waokaji na tanuri lao juu ya magurudumu, vinyozi wakinyoa huku wanakokotwa, watu wamebeba simba wa sukari. Viti ni vichache. Haya ni maelezo, Baba, si ushauri.

Mwanao, Lorraine

Makongeni, 11 Agosti 2023

Mwanangu,

Goti ni lile lile. Asante kwa ushauri. Viti vyote vya kukodi nimevirudisha. Anayepita haombi kiti. Tukitoka kanisani, maharusi watakaa dirishani kwetu na wageni watapita nje. Ooko amekubali. Wangu pia amekubali, akauliza kama mkokoteni unaruhusiwa. Mama yako hajasema kitu.

Swali: sultani alikuwa anakwenda msalani saa ngapi?

Baba yako

Istanbul, 12 Agosti 2023

Baba,

Natumaini hamjambo, na kwamba viti havijafika mbali. Hilo la msalani wachoraji hawakulichora. Tafadhali zungumza na Mama. Akinyamaza huwa hajakubali.

Mwanao, Lorraine

Makongeni, 20 Agosti 2023

Mwanangu,

Sisi wazima, ila tumechoka miguu. Kate ameolewa, na pande zote mbili zilikuja.

Wangu alipita na mkokoteni wa mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, umefinyangwa umbo la ng'ombe. Ooko akapita na wastaafu wa reli, wamejipanga kama mabehewa, yeye akiwa kichwa cha treni. Wangu akasema ng'ombe hakuonekana vizuri, akapita tena. Ooko naye akarudi. Mzunguko wa tatu Wangu akaniuliza, "Baba Kate, tangu lini bibi harusi anavaa miwani?"

Nikatazama. Alikuwa mama yako. Maharusi walikuwa wametoroka kwa mlango wa jikoni, sasa wako fungate Naivasha.

Ooko akamwambia, "Shemeji, toka hapo, tunaaibika."

Mama yako akasema, "Nimepika tangu Alhamisi, na hakuna aliyeuliza mimi Norah nitakaa wapi. Huyo ng'ombe apite tena."

Tukapita, Ooko na Wangu wakisukuma mkokoteni pamoja.

Leo tumetoka ibadani, mama yako amerudi pale pale dirishani. Chai nimempelekea kwa nje.

Baba yako