Pampu ya Lady Rona

Stornoway, 3 Februari 1958

Baba mpendwa,

Hujambo huko baharini? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila Mama amelazwa tangu Ijumaa. Daktari aliniita pembeni akaniambia tuhesabu siku, si miezi.

Nimesikia meli yenu, Lady Rona, italeta petroli hapa tarehe kumi na moja. Kutoka gatini hadi hospitali hata dakika kumi hazifiki. Njoo, hata na ovaroli lako lenye mafuta. Kila akiamka anauliza, “Torcuil hajafika?” Nimemwambia utakuja.

Mwanao,
Seonag


Melini, 12 Februari 1958

Mwanangu Seonag,

Salamu sana, na pole kwa kuuguza. Mimi sijambo, kikohozi kimepungua.

Jana tulifunga gatini asubuhi kama ulivyosema. Basi pampu ya kushushia mafuta ikagoma, na fundi wa meli ni mimi. Nilishinda chini na spana hadi tunang’oa nanga. Mwambie Mama safari ijayo nitakuja bila kukosa. Mpe hizo soksi za sufu, miguu yake hupata baridi.

Baba yako


Stornoway, 21 Februari 1958

Baba,

Natumaini u mzima.

Mama tumemzika Jumanne. Wanaume wa mtaa walipokezana jeneza njia nzima, na nafasi yako mbele aliishika Mjomba Uilleam. Watu walipouliza uko wapi, niliwajibu pampu iliharibika.

Soksi zimefika. Usiniandikie kwa sasa.

Seonag


Inverkeithing, 9 Mei 1963

Mwanangu Seonag,

U hali gani? Nasikia umeolewa na sasa una binti. Hongera, mama. Mimi sijambo, magoti tu.

Lady Rona wanaikata iwe vyuma chakavu. Ilijengwa mbiombio wakati wa vita, na siku nilipoipanda mara ya kwanza, mwaka arobaini na tatu, fundi mmoja wa kiwandani alinicheka: “Mzee, hii miaka mitano ikifika, njoo unidai bia!” Imefika ishirini. Tuliwapelekea wanajeshi petroli Ufaransa, kisha tukawa watu wa visiwani, mafuta ya taa huku, dizeli kule, kwenye magati ambayo meli kubwa haziwezi kukaribia. Nilijua kila boliti yake. Mkono wa mama yako ulivyokonda sikuujua.

Seonag, pampu ilipona saa nne asubuhi. Tuliondoka saa kumi jioni. Nilivaa koti mara mbili, nikafika ngazini, nikarudi. Niliogopa kumwona vile. Kisha nikakuandikia uongo. Miaka mitano nimeshindwa kuandika mistari hii.

Sina la kuomba.

Baba yako


Stornoway, 20 Mei 1963

Baba,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mtoto anaota meno, hatulali.

Nilijua. Siku ile Mama aliniomba nimwinue dirishani, bandari yote inaonekana kutoka pale. Ulikuwa umesimama sitahani na koti lako la kanisani, unaitazama hospitali.

“Yule pale,” akasema.

Nikasema nakimbia kumwita. Akanikamata mkono.

“Mwache. Anaogopa. Akija atalia, nami leo sina nguvu za kumbembeleza mtu mzima.” Akacheka, kikohozi kikamkatisha. Alikaa dirishani hadi ulipoingia ndani.

Kwa hiyo kuogopa kwako nilikusamehe siku ileile, kwa sababu yeye alikusamehe. Iliyoniuma ni pampu. Niliisimulia makaburini mbele ya watu wote, nikijua ni uongo, ili wasikuseme. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nami nilikukataza kuandika. Hilo ni kosa langu, nalijutia.

Meli imekwisha, sasa huna pa kujifichia. Panda meli ya abiria ya Alhamisi, mume wangu atakupokea. Siahidi kwamba nitakuchangamkia siku ya kwanza. Kaburini usiende kabla sijarudi kutoka kazini. Tutakwenda pamoja, peke yako hutaweza.

Mwanao,
Seonag